Benchi la mbao likigeuka kijivu: namna ya kulirudisha na kulipaka mafuta yanayofaa



Somo la leo halihusu mbegu wala samadi. Linahusu kitu unachokalia. Mbele ya depo nyingi za kahawa tunazotembelea kandokando ya ziwa Kivu kuna benchi moja ao mawili ya mbao. Hapo bamama wanangoja zamu ya mizani, hapo karani anaweka daftari yake, na hapo kamati inakaa jioni kuhesabu franga. Benchi halilali ndani. Jua linalipiga, mvua inalipiga, na baada ya miaka michache mbao inakuwa kijivu, inapasuka, vijiti vinachoma watu mapajani na kurarua vitenge. Halafu siku moja mguu unakatika na mtu anaanguka.

Katika koperative moja tulikuta kamati inajadili kuyapasua mabenchi sita yawe kuni. Papa mmoja alisema: "Hii mbao ilikufa zamani, tuitie mu moto." Tuliomba kisu. Tulikwangua sehemu ndogo, unene wa ukucha hivi, na chini ya kile kijivu mbao ikatokea ya kahawia, ngumu, na harufu yake bado iko. Ilikuwa mvule, ule ambao wengine wanaita muvula na wafanyabiashara wa mbao wanaita kambala. Mabenchi matano yalikuwa mazima kabisa. Lile la sita lilikuwa limeoza miguu miwili tu. Kamati ilikuwa karibu kuchoma mbao ambayo leo ukiitafuta sokoni utalia ukisikia bei, kwa sababu mti wa mvule unachukua makumi ya miaka kufikia unene wa kupasuliwa.

Kijivu si ugonjwa

Tuelewe kwanza kinachotokea. Ndani ya mbao kuna nyuzi nyembamba, na kuna kitu kinachozishikamanisha kama gundi. Wataalamu wanakiita lignini. Mwanga wa jua unaivunja lignini ile iliyo juu, mvua inaiosha, na nyuzi zinabaki peke yake bila gundi. Ndiyo maana ukipitisha kidole unasikia kama manyoya. Kisha vijidudu vya ukungu vinakaa pale juu na kuongeza ule weusi-weusi. Lakini mwanga hauendi mbali ndani ya mbao: kazi yake inaishia chini ya milimita moja. Kwa hiyo benchi la kijivu linaweza kuwa zima kama mzee mwenye mvi anayelima bado.

Kuoza ni jambo lingine. Kunaletwa na kuvu linalokula mbao yenyewe, na kuvu hilo linahitaji maji. Mbao ikikaa chini ya asilimia 20 ya maji, haliwezi kuila. Kwa hiyo usiangalie rangi, angalia mahali maji yanapokaa: kwenye miguu inayogusa udongo, kwenye maungio, ndani ya nyufa, na pale kichwani mwa ubao ulipokatwa kwa msumeno. Pale kwenye kichwa mbao iko kama kifungu cha mirija iliyofunguka, inanyonya maji haraka sana kuliko kwenye ubavu wake.

Chukua kisu chembamba, piga ncha yake mahali hapo pote. Kikikataa kuingia, sawa. Kikiingia bila nguvu, na mbao inatoka laini kama muhogo uliolowekwa, pameoza, na hakuna mafuta yatakayoponya pale. Kata sehemu hiyo. Kama ni mguu, kata miguu yote minne kwa kipimo kimoja, benchi litakuwa fupi kidogo lakini litasimama. Ao unganisha kipande kipya. Usipake mafuta juu ya uozo. Unafunika kidonda bila kukiosha.

Mafuta si mafuta tu

Hapa ndipo tunaona makosa mengi, na hapa tutakaa zaidi. Watu wanajua kwamba mbao inapakwa mafuta. Wanachukua yaliyo karibu. Karibu kuna mawese, na karibu kuna mafuta ya vidange, yale meusi yaliyotolewa katika injini ya pikipiki ao ya mashine ya kusaga.

Mawese kwanza. Mawese ni mafuta mazuri katika sombe na maharagwe, lakini hayakauki. Unayapaka leo, baada ya mwezi bado ni mafuta. Vumbi linanata, siyafu wanakuja, ukungu unaota, na mama aliyekuja na kitenge cheupe anaondoka na alama nyekundu nyuma. Sisi wenyewe tulijaribu zamani kwenye benchi la ofisi yetu, na kwa miezi miwili hakuna aliyelikalia bila kutandika gazeti.

Vidange ni mbaya zaidi. Tunajua fundi wengi wanaisifu kwa sababu mchwa hawaipendi. Lakini ndani yake kuna masizi na vitu vya injini ambavyo vikigusa ngozi mara kwa mara vinaweza kuleta kansa. Mvua inaviosha mpaka kwenye udongo na kwenye maji. Na sisi tuko na sababu nyingine ya kuikataa: kahawa parche inanyonya harufu. Gunia likilala usiku mmoja juu ya benchi lililopakwa vidange, yule anayeonja kahawa atasikia harufu ya garaji ndani ya kikombe, na loti nzima inashuka bei.

Mafuta ya mbao yanayofaa ni yale yanayokauka yenyewe hewani na kuwa ngozi ngumu. Yanayojulikana zaidi ni mafuta ya kitani. Mjini, kwa wauza rangi, uliza huile de lin. Yako ya namna mbili. Mabichi yanakauka polepole sana, siku nyingi ao wiki kadhaa, na kwenye unyevu wetu yanaweza kuota ukungu kabla hayajakauka. Yaliyopikwa, huile de lin cuite, yametiwa dawa ya kuharakisha, na yakipakwa membamba yanakauka kwa siku moja ao mbili. Kwa kazi ya nje chukua yaliyopikwa. Lakini dawa ile ina madini, kwa hiyo usiyapake kwenye ubao wa kukatia nyama ao kwenye mwiko.

Na mafuta ya alizeti ao ya soya, yale tunayokamua wenyewe? Hayo yako katikati. Yanakauka nusu, yanabaki kunata-nata. Ukikosa kitani kabisa, yanaweza kusaidia benchi lililo chini ya baraza, lakini kwa lile la uani hatuyashauri.

Tusiaminishwe kwa maneno. Fanyeni jaribio hili katika mkutano wenu ujao. Chukueni kipande cha kioo ao bati safi. Dondosheni tone moja la mawese, tone moja la alizeti, na tone moja la kitani kilichopikwa, kisha yatandazeni kwa kidole yawe membamba. Wekeni mahali penye hewa, pasipo na vumbi. Mkutano unaofuata, kila mtu aguse. Kitani kitakuwa kama rangi iliyokauka. Alizeti itanata. Mawese yatabaki kwenye kidole chako.

Kuosha na kukausha

Wakati mzuri ni kiangazi, kuanzia mwezi wa sita, wakati mavuno makubwa ya kahawa yanakwisha kwetu na mvua inapumzika.

Osha benchi kwa maji, sabuni ya unga na burosi ngumu. Sugua kwa kufuata nyuzi za mbao, si kwa kuzikata. Burosi ya chuma usiitumie: inaacha vipande vidogo ndani ya mbao, navyo vinaleta kutu na madoa meusi. Palipo na ukungu mweusi, tumia javel kidogo iliyochanganywa na maji mengi, acha dakika chache, osha sana. Doa jeusi linalozunguka msumari si ukungu, ni chuma kilichokutana na maji ya mbao. Hapo ndimu inasaidia kulipunguza. Lakini sikilizeni vizuri: javel na ndimu zisikutane kamwe, wala javel na siki. Zikikutana zinatoa hewa ya sumu inayounguza mapafu. Fanya moja, osha kwa maji mengi, nyingine ifanye siku nyingine.

Kisha kausha. Watu wengi hawana subira hapa. Wanaosha asubuhi, wanapaka mafuta saa kumi. Maji yanabaki ndani, mafuta hayaingii, na baada ya mwezi ngozi inabanduka. Weka benchi mahali penye upepo na kivuli, juu ya mawe. Jua kali la moja kwa moja linapasua ubao.

Utajuaje kwamba limekauka? Sisi watu wa kahawa tuko na mizani! Pima benchi, andika kilo zake kwenye karatasi. Pima tena kila siku mbili. Linapunguka, linapunguka, halafu linasimama. Uzito usipobadilika tena mara mbili mfululizo, limekauka kadiri hewa ya pale inavyoruhusu. Ni akili ileile tunayotumia kwenye parche, ila benchi linachukua wiki moja ao mbili. Kama benchi ni kubwa mno kwa mizani, funika sehemu ya ubao kwa kipande cha plastiki, ukandamize pembe zake kwa mawe usiku mzima. Asubuhi ukikuta matone chini ya plastiki, bado.

Wakati linakauka, rekebisha. Maungio yaliyolegea yafungue, uyasafishe, uyatie gundi. Msumari ulioota kutu ung'oe, uweke visi ao kigingi cha mbao ngumu. Benchi linalocheza-cheza litajivunja lenyewe hata ukilipaka mafuta ya mfalme.

Msasa, kisha mafuta

Tumia msasa wa namba 80 kuondoa kijivu, kisha namba 120 kulainisha. Usiende mbali zaidi. Mbao ikiwa laini kama kioo inafunga midomo yake na mafuta hayaingii vizuri. Msasa ukikosekana, ukingo wa kioo kilichovunjika, ukishikwa kwa kitambaa kinene, unakwangua vizuri sana. Fundi wa zamani wanajua hilo.

Funga kitambaa puani na mdomoni. Vumbi la mvule linawasha ngozi na linaweza kuleta pumu. Na kama benchi liko na rangi ya zamani ambayo hujui ilinunuliwa lini, usiisage kavu, kwa sababu rangi nyingi za zamani zilitiwa risasi, na vumbi lake linawadhuru zaidi watoto. Ilowanishe, ikwangue ikiwa na maji, kusanya maganda yote.

Sasa mafuta. Tabaka la kwanza changanya nusu kwa nusu na terebentini ili lipenye. Paka kwa burosi, pande zote, pamoja na chini ya kikalio, maana maji yanapanda pia kutoka chini. Vile vichwa vya mbao vipe kunywa mpaka vikatae. Kwa miguu tunafanya hivi: tunasimamisha kila mguu ndani ya kifuniko cha kopo chenye mafuta, tunaacha usiku mmoja. Asubuhi utashangaa kifuniko kimebaki kitupu.

Ngoja dakika 20 hivi, kisha futa mafuta yote yaliyobaki juu. Yote. Tunarudia neno hili kwa sababu roho ya mtu inamwambia aache mengi ili benchi ling'ae. Yatakayobaki juu yatakuwa utomvu, hayatakauka vizuri. Ukipitisha kiganja, kisitoke na mafuta. Ngoja siku mbili, paka tabaka la pili, safari hii bila terebentini. Kisha la tatu kama mbao bado inakunywa. Kwa mabenchi mawili ya mita mbili, litre moja inakaribia kutosha tabaka tatu. Mbao iliyokaa miaka mingi juani inakunywa zaidi, weka nusu litre ya akiba. Usiruhusu mtu kukalia mpaka siku nne ao tano zipite.

Vitambaa vinavyojiwasha moto

Hapa tunaomba msomaji wenu asome mara mbili kwa sauti kubwa.

Mafuta ya kitani yanakauka kwa kukamata hewa, na kazi hiyo inatoa joto. Kwenye ubao joto linatawanyika. Lakini kitambaa ulichofutia, ukikikunja na kukitupa kwenye lundo, joto linafungwa ndani. Mnajua lundo la maganda ya kahawa linavyochemka katikati. Tofauti ni kwamba kitambaa cha kitani kinaweza kufika mpaka kuwaka, bila kiberiti, bila sigara, saa chache baada ya watu kwenda nyumbani.

Si hadithi za kutishia watoto. Tarehe 23 Februari 1991, huko Philadelphia, Marekani, jengo la ghorofa 38 liliungua. Moto ulianza kwenye vitambaa vya mafuta ya kitani ambavyo wafanyakazi waliokuwa wanasafisha mbao waliviacha ghorofa ya 22. Wazima moto watatu walikufa.

Na sisi tulikaribia. Siku ya kufundisha somo hili kwa mara ya kwanza, tulimaliza jioni, tumechoka, tukasukuma vitambaa vyote ndani ya boksi la karatasi, tukaliweka nyuma ya mlango wa depo. Ndani mlikuwa magunia ya jute yenye parche ya msimu. Mlinzi alisikia harufu kama ya sufuria inayoungua, akafungua, akakuta boksi linatoa moshi, akalitupa nje kwa mguu. Lilipofika nje kwenye upepo likawaka. Tulimnunulia mlinzi chakula cha jioni, lakini kahawa ya jamaa zaidi ya mia ilikuwa pale, na tungewaambia nini?

Kwa hiyo: kila kitambaa, mara tu kazi inapokwisha, kitandazwe nje juu ya mawe, kimoja kimoja, bila kukunjwa, mbali na nyumba, mpaka kiwe kigumu kama karatasi. Ao kizamishwe ndani ya ndoo ya chuma yenye maji. Mpeni kazi hii mtu mmoja mwenye jina linalojulikana, si "kila mtu". Vumbi la msasa lililochanganyika na mafuta ni vilevile.

Meza za kukaushia kahawa

Tunaulizwa kila mara: meza zetu je? Meza ya kukaushia inakaa nje kuliko benchi, na miguu yake inaoza mapema, hasa ile ya mkaratusi mchanga. Mafuta ya kitani yanafaa kwenye miguu na kwenye fremu, baada ya msimu, ili yapate wiki nyingi za kukauka na harufu iishe. Pale ambapo parche inalala usipake kitu chochote, osha tu na kausha. Na msidanganyike: kitani hakizuii mchwa. Kinachosaidia ni kuinua mguu juu ya jiwe tambarare ao simenti, kufagia majani chini yake, na kuangalia kila wiki kama kuna njia ya udongo inapanda.

Baada ya hapo

Mafuta haya hayakai milele. Chini ya jua letu, kijivu kitarudi pole pole, na kama benchi ni zima na kijivu hakikusumbui, sisi hatuoni haya kuliacha hivyo. Kilicho cha maana ni maji. Dondosha matone ya maji juu ya kikalio: yakisimama kama shanga, bado kuna mafuta, yakizama na kuacha doa jeusi, wakati umefika. Kwa benchi la uani ni mara moja kila kiangazi, kuosha kidogo na tabaka moja tu, kazi ya asubuhi moja. Lile lililo chini ya baraza linaweza kungoja miaka miwili. Wakati wa mvua, liegemeze benchi ukutani jioni ili maji yateremke.

Mabenchi yale matano yako bado mbele ya depo, na la sita nalo liko, fupi kuliko wenzake kwa upana wa vidole vinne. Watoto ndio wanalipenda. Kopo la mafuta lililobaki lifungwe sana, liandikwe tarehe na neno "SI YA KUPIKA" kwa herufi kubwa, liwekwe juu, mbali na jiko la mlinzi.